Maswali ya Wasomaji: Msimbopau Unaogoma Kusomeka

Swali: Natengeneza sabuni. Lebo yangu mpya ina msimbopau, ile mistari inayosomwa na skana dukani, wa rangi nyekundu kwenye karatasi nyeupe. Kwa macho unaonekana vizuri, lakini skana haiusomi kabisa. Kosa ni la skana au la lebo?

Jibu: Ni la lebo. Skana nyingi za madukani humulika mwanga mwekundu, kisha hupima mwanga unaorudi: karatasi hurudisha mwingi, mstari mweusi hurudisha kidogo. Wino mwekundu huurudisha mwanga huo karibu sawa na karatasi nyeupe, kwa hiyo mbele ya skana lebo yako ni karatasi tupu. Tumia mistari myeusi, ya bluu iliyokolea au ya kijani kilichokolea. Nyekundu inafaa kuwa rangi ya karatasi tu, si ya mistari. Mistari myeusi juu ya karatasi nyekundu husomeka.

Kabla hujachapa upya, shika rula, maana huenda rangi si tatizo pekee. Katika msimbo wa tarakimu 13 wenye ukubwa wa kawaida, mstari mwembamba kabisa una milimita 0.33, na msimbo wote pamoja na nafasi tupu za pembeni ni milimita 37.29 kwa 25.93. Unaweza kuupunguza hadi asilimia 80 ya hapo, usishuke zaidi. Nafasi tupu ya kushoto iwe angalau mara 11 ya mstari mwembamba, yaani milimita 3.63, na ya kulia mara 7, milimita 2.31. Wabunifu wa lebo hupenda kuzijaza nafasi hizi fremu na maandishi, na skana hushindwa kujua msimbo unaanzia wapi.

Kama unachapa mwenyewe kwa printa ya joto ya nukta 203 kwa inchi, kila nukta ina takriban milimita 0.125. Milimita 0.33 haiingii humo kwa nukta kamili, hivyo printa hutoa mistari ya nukta 2 hapa na ya nukta 3 pale, ilhali ilipaswa kulingana. Chagua nukta 3, yaani milimita 0.375, nukta 2 ni nyembamba mno. Na tafadhali usivute picha ya msimbo kwa kipanya ili ienee kwenye lebo. Itengeneze upya kwa kipimo unachotaka.

Swali: Tarakimu ya mwisho ya msimbo hupatikanaje?

Jibu: Chukua tarakimu 12 za kwanza, kwa mfano 200123456789. Jumlisha tarakimu za nafasi ya 1, 3, 5, 7, 9 na 11: unapata 22. Za nafasi zilizobaki zinatoa 25. Zidisha mara 3, ni 75. Ongeza ile 22, jumla ni 97. Ili kufika 100 panahitajika 3, basi 3 ndiyo tarakimu ya 13. Hesabu hii hunasa kila kosa la tarakimu moja. Ukibadilishana mbili zinazofuatana, pia hunasa, isipokuwa zikiwa zimepishana kwa 5, kama 2 na 7.

Swali: Je, tarakimu tatu za mwanzo huonyesha nchi bidhaa ilikotengenezwa?

Jibu: Hapana. Huonyesha tawi la GS1, shirika la kimataifa linalotoa namba za misimbopau, lililotoa namba hiyo. Kiwanda chaweza kuwa nchi nyingine kabisa. Bei nayo haimo kwenye mistari ya bidhaa kama yako. Imo kwenye kompyuta ya duka.

Swali: Kwa nini ni mistari, si duara?

Jibu: Duara lilijaribiwa. Norman Joseph Woodland na Bernard Silver wa Marekani waliomba hataza, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi, mwaka 1949, wakaipata 1952, na ilihusu mistari na pia duara ndani ya duara. Duara lina uzuri wake: husomeka kutoka upande wowote. Lakini wino hutambaa kufuata mwendo wa karatasi mashineni, na duara likiziba sehemu moja huharibika. George Laurer wa kampuni ya kompyuta ya IBM akachagua mistari iliyonyooka, na tarehe 26 Juni 1974 paketi ya ubani wa kutafuna ikawa bidhaa ya kwanza kupitishwa kwenye skana kwa mfumo huo, katika duka moja la mji wa Troy, Ohio. Mistari ikielekezwa kufuata mwendo wa karatasi, wino unaotambaa huirefusha tu, hauinenepeshi. Mwombe mchapaji wako aielekeze hivyo.