Fomu iliyoandikwa "godoro"

Wadogo zangu mnaoanza kazi ya ustawi wa jamii huku Nakivale, makazi ya wakimbizi kusini-magharibi mwa Uganda, mafunzo ya maadili yakiisha mtapewa cheti, soda na picha ya pamoja. Cheti kitunzeni. Ila mengi yatakayowapima ni yale ambayo mkufunzi huyapitia mbiombio kwa sababu chakula kimeshaiva.

Mimi nilipimwa kwenye ukalimani. Mwaka wangu wa kwanza nilimtembelea mama mmoja Mrundi, Kiswahili chake cha salamu tu. Nje palikuwa na jirani anamenya mihogo, nikamwomba atutafsirie. Mama akanitazama, akamtazama jirani, akasema shida yake ni godoro. Nikaandika "godoro" kwenye fomu, nikashukuru, nikaondoka nimeridhika. Wiki mbili baadaye nilirudi na mkalimani wa ofisi, mwanamke asiyekaa kijiji kile. Ndipo nikaambiwa kwamba aliyekuwa akimsumbua usiku ni shemeji wa yule yule jirani. Wiki mbili nzima! Ile fomu ya kwanza bado imo kwenye faili.

Kwa hiyo mkalimani umtafute kabla ya kutoka ofisini, na umuulize mhusika faraghani kama anamkubali. Mtoto usimtumie kamwe, hata akiwa ndiye pekee anayejua Kiswahili nyumbani. Utamfanya binti atamke kwa kinywa chake yaliyompata mama yake njiani kutoka Kongo. Na wenzangu waswahili, tusijidanganye: mtu kuitikia "ndiyo, ndiyo" si kwamba ameelewa. Mwambie akueleze upya kwa maneno yake. Akisema "walinichukua kwa nguvu", andika hivyo hivyo, usimsafishie lugha.

Halafu pikipiki. Ile yenye nembo ya ofisi ukiiegesha mlangoni kwa mtu, umeshatangaza. Makazi haya ni ya tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, watu wanajuana, na kwenye bomba la maji wanajua dawati lipi linahusika na nini. Mimi huiacha dukani, natembea, na huingia nyumba mbili tatu hata kama kesi ni moja. Inachosha, hasa mvua ikinyesha huku wilayani Isingiro.

Jambo lililowaponza wengi ni ahadi. Mtoto anasema, "Nikikwambia, usimwambie mtu." Moyo unalainika, unaapa. Usiape. Sheria ya Watoto ya Uganda, kwa marekebisho ya 2016, inamtaka mfanyakazi wa ustawi wa jamii anayeshuku kwamba mtoto ananyanyaswa atoe taarifa kwa afisa wa probesheni, yaani afisa wa serikali wa ustawi wa jamii, au polisi. Mwambie mapema, kabla hajaanza: "Ukiniambia kuna anayekuumiza, nitalazimika kumwambia mtu mmoja anayeweza kusaidia, na nitakueleza ni nani." Wengine watanyamaza siku hiyo. Mwache, rudi kesho. Mpe pia namba 116, Sauti, simu ya msaada kwa watoto, kupiga ni bure.

Kuhusu kumpa mtu msaada ili akupe ngono sitakaa sana, maana hapo hakuna mjadala: kanuni ya Umoja wa Mataifa ya 2003 imekataza, na kusema "sikujua kama hajafika miaka 18" si utetezi. Mjadala uko kwenye kuku. Mama umemsaidia kupata karatasi za mwanawe, anakuletea jogoo amefungwa miguu. Ukimkataa, umemdharau mbele ya watoto. Ukimchukua, jirani ambaye kesi yake imekwama anahesabu kuku alionao. Mimi hukaa, hunywa chai yake, humwomba jogoo abaki alee familia, kisha namwarifu msimamizi wangu siku hiyo hiyo. Kuna wenzangu wanaoona hata chai ni kosa. Sikubaliani nao.

Picha za wahusika kwenye simu yako, futa leo. Sheria ya ulinzi wa data ipo tangu 2019, na kundi la WhatsApp la kazini si kabati la mafaili.

Mwisho, omba kikao na msimamizi wako kila mwezi, hata kama umetoka chuo cha Makerere au Nsamizi na unajiona umeiva. Peleka kesi moja iliyokushinda, jina limefichwa. Kikao changu cha kwanza nilipeleka ile ya godoro. Msimamizi aliisoma fomu, akauliza swali moja tu: "Na nani alikuwa amekaa hapo nje?"