Kabla ya Kuuza Shamba la Njoro kwa Ajili ya Boulder

Kaka na wifi yangu mpendwa,

Nimepokea barua yenu pamoja na nakala ya ile ambayo binti yetu ametumiwa na Chuo Kikuu cha Colorado kilichoko Boulder, na swali lenu nimelielewa: je, inafaa muuze ekari za Njoro na kuitisha harambee ili aanze shahada ya kwanza ya sayansi ya hali ya hewa mwezi wa Agosti? Jibu langu ni hapana. Si kwa shahada ya kwanza, na si kwa bei hiyo. Najua jibu hili litamuumiza mtoto ambaye amefanya bidii kiasi hicho, na kwa sababu hiyo ninawajibika kuwaeleza kwa kirefu.

Boulder ni chuo cha umma, lakini umma unaohusika ni wa jimbo la Colorado peke yake. Kijana aliyezaliwa Texas akija hapa hutozwa ada ya mgeni, sawa na atakavyotozwa binti yetu. Ada ya masomo kwa asiye mkazi hupita dola 40,000 kwa mwaka, takriban mara tatu ya anayolipa mkazi, na ukiongeza chumba, chakula, vitabu na bima ya afya, hesabu hupita dola 60,000. Kwa miaka minne hiyo ni zaidi ya dola 240,000, yaani zaidi ya shilingi milioni 30 za Kenya, na nauli ya ndege bado haijaguswa. Misaada ya masomo ya serikali ya Marekani ambayo mmesikia ikitajwa haimfikii mwenye viza ya mwanafunzi.

Bei hiyo ina historia yake. Mwaka 1992 wapiga kura wa Colorado walibadilisha katiba ya jimbo lao ili serikali isiweze kupandisha kodi bila idhini yao, na kiasi cha mapato inachoweza kubaki nacho kikawekewa mpaka. Kadiri miaka ilivyopita, fedha za jimbo kwa vyuo vikuu zilibaki kidogo, na vyuo vikazoea kujiendesha kwa ada za wanaotoka nje. Barua aliyopata mtoto ni heshima ya kweli, wala sitaki mtu aidharau. Hata hivyo chuo kinamhitaji pia kama mlipaji, kwa hiyo msiingie mkitarajia kwamba baadaye kitalegeza masharti kwa kumhurumia.

Mmeniandikia kwamba kuna mtu amewaambia kuwa baada ya mwaka mmoja mtoto atahesabiwa mkazi na ada itashuka. Huyo anachanganya mambo. Sheria ya miezi 12 ya ukaazi inawahusu hasa raia na wenye kadi ya kijani, yaani kibali cha ukaazi wa kudumu, na hata kwao chuo hudai ushahidi kwamba wamehamia kwa nia ya kubaki. Mwenye viza ya mwanafunzi ameingia nchini kwa ahadi kwamba atarudi kwao, na kwa sababu hiyo anaweza kukaa hapa miaka yote minne na bado akalipa ada ya mgeni hadi siku ya mahafali.

Jambo linaloninyima usingizi zaidi ni mwaka wa pili. Ubalozi na chuo hutaka kuona fedha za mwaka wa kwanza, na ninaamini kabisa kwamba shamba likiuzwa na jamaa wakichangishana, mwaka huo utapatikana. Baada ya hapo shamba halipo, na jamaa waliotoa mara moja hawataweza kutoa tena kwa kiwango kile kile. Hapo nyumbani mwanafunzi aliyekwama kwa ada anaweza kuahirisha masomo, akafundisha shule ya jirani kwa mwaka, kisha akarudi. Hapa akiacha kusoma kwa sababu ya ada anapoteza haki ya kukaa nchini, na kazi ya nje ya chuo haruhusiwi kuifanya kwa kuamua tu. Nimekaa na vijana waliofikia hali hiyo: mzazi nyumbani anawaambia majirani kwamba mwanawe yuko chuoni, na mwana naye anaficha kwamba hajajiandikisha muhula huo, na kila simu inazidi kuwa ngumu kwa wote wawili. Sitaki binti yetu aishi hivyo hata kwa mwezi mmoja.

Kuhusu kazi, sheria inamruhusu kufanya kazi ndani ya chuo kwa saa 20 kwa wiki wakati wa masomo. Tuseme amepata dola 15 kwa saa na hakukosa hata wiki moja kati ya wiki 32: atapata dola 9,600 kabla ya makato, ambazo hazifiki sehemu moja ya sita ya mahitaji ya mwaka.

Nyumba nazo ni ghali kupita kiasi. Mwaka 1959 wakazi wa Boulder walipiga kura kuzuia maji ya mji yasipelekwe juu ya kimo fulani cha milima, na mwaka 1967 wakakubali kulipa kodi ya mauzo ili kununua ardhi ya wazi inayozunguka mji. Ndiyo maana ile milima mliyoiona kwenye picha imebaki bila majengo, na inapendeza kweli. Lakini nyumba ni chache na wanaozitaka ni wengi. Watu wengi wa kipato changu tunaishi mbali, wengine katika mji wa Longmont, na mimi Aurora, jirani na Denver.

Hewa ya mlimani isiwatie hofu. Boulder iko mita 1,650 hivi juu ya usawa wa bahari, chini ya Nakuru, na wanariadha wetu wamekuwa wakija kufanya mazoezi na kushindana huko kwa miaka mingi, hasa katika mbio za Bolder Boulder zilizoanza mwaka 1979. Baridi ya Januari ni kali, ila jua hurudi upesi na theluji huyeyuka. Upweke ndio mzito zaidi. Katika mji huo watu weusi ni takriban mmoja kwa kila mia, na katika madarasa mengi atajikuta peke yake. Kusuka nywele, kununua unga wa ugali au kusali kwa Kiswahili kutamlazimu apande basi hadi Denver, kisha aendelee hadi Aurora. Angalau huko shangazi yake yupo.

Sasa niseme lililo zuri, kwa sababu mtoto hakuchagua kwa kubahatisha. Kwa elimu ya hali ya hewa, Boulder ni miongoni mwa mahali bora kabisa duniani: kuna kituo cha taifa cha utafiti wa anga, NCAR, kilichoanzishwa mwaka 1960, kuna maabara za NOAA, shirika la serikali ya Marekani la bahari na anga, na chuo chenyewe kina wanasayansi walioshinda Tuzo ya Nobeli, kama Thomas Cech mwaka 1989. Lakini milango hiyo huwafungukia hasa wanafunzi wa uzamili na uzamivu. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza husoma hisabati na fizikia katika ukumbi wenye mamia ya wenzake, na hisabati hiyo Nairobi ipo.

Chuo Kikuu cha Nairobi kimefundisha taaluma ya hali ya hewa kwa miongo kadhaa, na kituo cha utabiri wa tabianchi cha IGAD, jumuiya ya nchi za Pembe ya Afrika na jirani zake, kiko hapo hapo Kenya. Asome huko, apate alama za juu, kisha aombe uzamivu Boulder kama msaidizi wa utafiti au wa kufundisha. Kwa kawaida nafasi ya namna hiyo humlipia ada na kumpa posho ya kuishi. Tangu mwaka 2025 fedha za utafiti za serikali ya hapa zimetikisika, kwa hiyo nafasi hizo zinaweza kupungua, lakini akikosa atakuwa na shahada yake mkononi, na shamba bado ni lenu.

Akisisitiza kuanza Marekani, basi aombe vyuo binafsi vyenye utajiri kama Amherst, Bowdoin na Dartmouth, ambavyo hupokea wageni bila kuangalia uwezo wa mzazi na hufidia upungufu wa ada. Ushindani wake ni mkali mno. Mpango uitwao KenSAP huwasaidia Wakenya katika njia hiyo, na angeulizia huko kwanza.

Nitabadili msimamo wangu kwa jambo moja tu: chuo kiandike kwamba kitamlipia sehemu kubwa ya gharama zote, si ada pekee, kwa miaka yote minne, na kitaje alama anazopaswa kudumisha. Mwambieni aulize leo kwa barua pepe, na kabla jibu halijafika msitume amana yoyote wala msimkabidhi dalali hatimiliki. Fedha nilizokuwa nimepanga kutoa kwenye harambee zipo. Akichagua Nairobi, ada ya mwaka wake wa kwanza niachieni mimi.