Kura zilizokataliwa na ile asilimia 50

Ndugu, unauliza kama kura zilizokataliwa zihesabiwe katika asilimia ya urais hapa Kenya, kwa kuwa Katiba inataka "zaidi ya nusu ya kura zote zilizopigwa". Shaka yako ina msingi, ila Mahakama ya Juu ilishaamua Machi 2013 kwamba hazihesabiwi.

Tazama hesabu ya mwaka huo. Uhuru Kenyatta alipata 6,173,433. Tume ya uchaguzi (IEBC) ilijumuisha zile 108,975 zilizokataliwa, jumla ikawa 12,330,028, naye akapata asilimia 50.07, yaani kura 8,419 tu juu ya nusu. Ukiziondoa, anafika 50.51. Kwa hiyo alishinda kwa njia zote mbili. Naona uamuzi ule ni wa haki: karatasi isiyoonyesha chaguo isimsukume mtu kwenye duru ya pili.

Usichanganye na karatasi iliyoharibika, ambayo mpiga kura huirudisha kabla ya kuitumbukiza na kupewa nyingine. Iliyokataliwa hutolewa sandukuni wakati wa kuhesabu: haina alama yoyote, imewekewa wagombea wawili, au haina alama za usalama zilizowekwa na Tume.

Ukiwa wakala wa mgombea au chama, pinga papo hapo msimamizi anapoikataa, kisha hakikisha pingamizi lako limeingia katika Fomu 34A, yaani fomu ya matokeo ya urais ya kituo, kabla ya kutia sahihi. Ukinyamaza kituoni, kulithibitisha baadaye ni kazi ngumu. Kesi ya urais huwasilishwa ndani ya siku 7 baada ya mshindi kutangazwa, kwa hiyo mwone wakili mapema.