Wasomaji Wanauliza: Filamu Inayonuka Siki, Diski Isiyosomeka

Barua za safari hii zina wasiwasi mmoja: picha na sauti za zamani zikishaingizwa kwenye kompyuta, je, zimeokoka? Zimepata nafasi ya pili, basi. Kuanzia hapo zinahitaji kuangaliwa kila mwaka, tena kwa karibu kuliko zilipokuwa kwenye makopo na maboksi.

Swali: Nimerithi makopo ya filamu za milimita 16. Baadhi yake nikiyafungua, harufu ya siki inanipiga puani. Nikishazinakili kidijitali, nizitupe?

Usizitupe, na usikawie kuzinakili. Harufu hiyo ni asidi ya asetiki, ileile iliyomo kwenye siki. Filamu nyingi za karne ya 20 zilitengenezwa kwa plastiki ya asetati, ambayo ikikaa kwenye joto na unyevu humeguka na kutoa asidi. Asidi hiyo nayo huchochea umegukaji zaidi, ndiyo maana uharibifu ukishaanza hausimami. Unaweza tu kuupunguza kasi. Filamu husinyaa, hujikunja, mwishowe tabaka lenye picha hubanduka.

Leo hii tenga makopo yanayonuka na yale mazima, kwa sababu mvuke wake huharibu filamu za jirani. Usiyazibe kabisa, maana asidi ikikosa pa kutokea huzidi kuila filamu. Yaweke pakavu na penye ubaridi. Na usithubutu kuionyesha filamu hiyo kwa projekta: ikishasinyaa kwa karibu asilimia 1 tu, matundu ya pembeni hayalingani tena na meno ya mashine, na meno huichana.

Tafuta fundi mwenye skana isiyo na meno, inayovuta filamu kwa roli laini na kuipiga picha fremu moja moja. Wapo wanaorusha filamu ukutani na kuirekodi kwa simu. Picha yake humemeta, kwa kuwa filamu huenda fremu 16, 18 au 24 kwa sekunde huku simu ikirekodi 30, na katikati huwa na mng'ao wakati pembeni ni giza.

Kwa milimita 16, ubora wa 2K, yaani upana wa pikseli 2,048, huchota sehemu kubwa ya kilichomo. Milimita 35 inastahili 4K, yenye upana mara mbili ya huo. Ila jiandae: fremu moja ya 4K isiyobanwa, yenye biti 10 kwa kila rangi, ni takriban megabaiti 50. Kwa fremu 24 kila sekunde, saa moja inakula zaidi ya terabaiti 4. Ya 2K huchukua kama robo ya hapo.

Kwa nini ubaki na makopo? Skana za kesho zitaona zaidi ya za leo, na filamu hata ikififia bado inaonekana kwa macho ukiishika mbele ya mwanga. Faili iliyoharibika haiachi hata kivuli.

Onyo: filamu ya milimita 35 iliyotengenezwa kabla ya miaka ya mwanzo ya 1950 huenda ni ya nitrati. Hiyo hushika moto upesi na huendelea kuwaka hata ndani ya maji, kwa kuwa hujitolea oksijeni yake yenyewe. Usikae nayo nyumbani; wasiliana na hifadhi ya filamu au zimamoto.

Swali: Zamani nilihamishia kanda zangu za VHS kwenye DVD. Sasa DVD kadhaa hazisomeki. Kanda bado ninazo.

Kanda hizo ndizo salama yako. DVD za kuchoma hutunza data kwenye tabaka la rangi ambalo mwanga na joto hulififisha. Jaribu kila diski kwenye visomaji viwili au vitatu, kwani kimoja humudu pale kingine kinaposhindwa. Programu ya ddrescue nayo husaidia: huchota kwanza sehemu nzima, kisha hurudia zile sugu.

Lakini hata ukifaulu, video ya DVD ilishabanwa na kupoteza sehemu ya picha. Rudia kazi kutoka kwenye kanda, na usiahirishe: kampuni ya Funai ya Japani, ya mwisho kutengeneza deki za VHS, iliacha Julai 2016. Deki zote zilizobaki zinazidi kuchakaa.

Kwanza chungulia kanda kupitia kidirisha chake. Ukiona unga mweupe kwenye kingo za utepe, huo ni ukungu. Usiitie kwenye deki, maana utachafua vichwa na kuusambaza kwa kanda nyingine. Kanda safi ipeleke hadi mwisho na kuirudisha mara moja kabla ya kurekodi, ili utepe ujipange upya. Tumia waya wa S-Video deki ikiwa na tundu lake, na upitishe mawimbi kwenye kifaa ambacho mafundi hukiita TBC, kinachonyoosha muda wa kila mstari wa picha. Bila hicho, juu ya picha hupinda, fremu hudondoka, na baada ya dakika kadhaa sauti haiendi tena na midomo. Hifadhi kwa kodeki, yaani njia ya kubana video, ya FFV1 ndani ya faili ya aina ya Matroska (.mkv). FFV1 hubana bila kupoteza kitu, na maelezo yake ya kiufundi yako wazi kwa yeyote, kwa hiyo hata kampuni fulani ikifa faili zako zitafunguka.

Swali: Kanda za sauti za magurudumu, zile za kabla ya kaseti, zinakwama zikichezwa na kutoa mlio mkali.

Zima mashine mara moja. Gundi inayoshika chembe za sumaku imefyonza unyevu, na kila mzunguko unakwangua sauti yenyewe. Tatizo hili huzikumba sana kanda za miaka ya 1970 hadi 1990. Mafundi huzikausha kwa nyuzi joto 50 hadi 54 za Selsiasi, kwa saa 8 au zaidi, kwenye joko la maabara linaloshikilia joto sawasawa. Zikishapoa hunakiliwa ndani ya wiki chache, kabla unyevu haujarudi. Oveni ya jikoni haifai, joto lake linapanda na kushuka mno.

Kabla ya yote, inua gurudumu mbele ya taa. Utepe ukipitisha mwanga ni wa asetati, na huo haukaushwi kamwe.

Swali: MP3 haitoshi kwa santuri?

Kwa kusikiliza, inatosha. Kwa kuhifadhi, hapana: MP3 hukata sehemu ya sauti, na kilichokatwa hakirudi. Rekodi faili ya WAV, isiyobana sauti, ya biti 24 na kilohezi 96. Saa moja ya stereo ni kama gigabaiti 2. Santuri za zamani za mizunguko 78 kwa dakika zinataka sindano yenye ncha ya takriban mikroni 75. Sindano ya LP, zile santuri za baadaye zenye mfereji mwembamba, ya mikroni 18 hadi 25, huzama chini ya mfereji na kusoma uchafu. Usizisafishe kwa spiriti, maana huyeyusha shelaki, utomvu uliotumika kuzitengeneza.

Swali: Nihifadhi wapi ili nisilifikirie tena jambo hili kwa miaka 20?

Hakuna mahali hapo. Flashi na SSD (diski zisizo na sehemu inayozunguka) hushikilia data kwa chaji ya umeme inayovuja taratibu zikikaa bila kuchomekwa. Diski za kuzunguka hukwama. Hata LTO, kanda za sumaku za kuhifadhi data zinazotumiwa na hifadhi kubwa, zina kikwazo chake: mashine ya kizazi cha nane, LTO-8, haisomi kanda za LTO-6, kwa hiyo mkanda unaweza kuwa mzima huku mashine ya kuusoma haipo.

Weka nakala tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, moja ikiwa jengo jingine. Siku ya kwanza piga cheksamu ya SHA-256 kwa kila faili, yaani namba inayobadilika kabisa hata biti moja ikigeuka, na uihifadhi pamoja na faili. Kila mwaka ipige upya na ulinganishe. Isipolingana, rudisha faili kutoka nakala nzima. Anayenakili bila kulinganisha anaweza kufuta nakala nzima kwa mbovu.

Jaribu pia kurejesha. Mwaka 1998, filamu ya katuni ya Toy Story 2 ikiwa bado inatengenezwa, amri moja ya kompyuta ilifuta sehemu kubwa ya faili zake, na nakala rudufu zikakutwa hazifai. Kilichoiokoa ni nakala iliyokuwa nyumbani kwa mfanyakazi mmoja.

Swali: Nitumie programu za kung'arisha picha?

Kwenye nakala, ndiyo. Faili mama iache na mikwaruzo yake, ifunge isiandikwe juu, na kwenye jina lake weka tarehe ya kunakiliwa na namba ya kopo ilikotoka.