Re: "Charged with" kwenye barua ya godauni

Salaam ndugu. Umeandika kuwa mlinzi wa godauni pale Kilindini "ameshtakiwa kulinda mizigo", na maana haikai. Tatizo ni tafsiri ya Kiingereza "charged with", yenye maana mbili. Kwanza tazama kinachofuata: likiwa kosa, mfano wizi, hapo ameshtakiwa, ikiwa kazi, amekabidhiwa jukumu. Yako ni kazi, basi andika "amekabidhiwa ulinzi wa mizigo".

Ukikutana na "in charge of", huyo ndiye msimamizi. Lakini "in the charge of" hugeuza mambo: ni aliye chini ya uangalizi wa mwingine. Hiyo "the" ndogo huwaponza wengi. "Port charges" ni ada za bandari, na betri huchajiwa tu. Irekebishe kabla barua haijatoka, maana kumwita mtu mshtakiwa si jambo dogo.