Jibu: kupunguzwa tumbo, nilivyopona mimi

Shoga, umeuliza kama nimejuta kufanyiwa upasuaji wa kupunguza tumbo ili nipungue unene, na nilikaa muda gani nyumbani kabla ya kurudi kazini. Kujuta, wiki ya kwanza tu.

Niliamua siku niliyopanda ngazi za boti pale bandarini Malindi, Unguja, nikasimama mara mbili kuvuta pumzi, na sukari ishapanda. Nikavuka Dar. Wanakata na kutoa kama robo tatu ya tumbo la chakula, linabaki jembamba kama ndizi. Kwangu matundu matano madogo, kesho yake natembea.

Kidonda si tabu, tabu ni kinywa! Wiki mbili vya majimaji tu, tena kwa kufyonza kidogo kidogo. Siku ya kumi mama kaniletea urojo, na kachori juu. Nikamega nusu. Nilitapika mpaka machozi, mama naye analia. Usijaribu.

Kazini nilirudi wiki ya nne. Mwezi wa nne nywele zilinyonyoka, zikaota tena. Vidonge vya vitamini ni vya maisha, hivyo usiviache. Ramadhani ile daktari alinikataza kufunga, nikalipa baadaye. Na kama mnatafuta mtoto, mimi niliambiwa nisubiri mwaka na nusu.