Dogo wa mwaka wa pili unayetafuta fildi Arusha: ukitaka kuchorea jamii, anza na bei ya tofali

Mdogo wangu nimeusoma uzi wako mpaka mwisho. Umesema uko mwaka wa pili usanifu majengo pale Chuo Kikuu Ardhi, nyumbani ni Sakina, na unauliza mambo matatu, moja fildi (mafunzo kwa vitendo) uje kuifanyia huku Arusha kwenye ofisi ndogo au ung'ang'anie kampuni kubwa Dar, mbili hii hamu yako ya kuchora shule, zahanati, masoko na vyoo vya watu wa kawaida ni kazi kweli au ni ya kupatia maksi kwenye prezentesheni za studio, tatu potifolio uweke nini. Wadau hapo juu wamekwambia kaza na Revit na Lumion utatoboa. Sibishani nao, programu lazima ujue, lakini mimi nimeanzia kazi Arusha na sasa nipo Moshi na kazi nyingi ninazoshika ndio hizo hizo unazozitamani, kwahiyo niruhusu nikujibu kwa urefu.

La ofisi halina mjadala mrefu, njoo kaskazini. Kampuni kubwa utajifunza mpangilio mzuri wa kazi, hilo ni kweli, ila mwanafunzi wa mwaka wa pili pale mara nyingi anapewa ratiba ya milango na madirisha anakaa nayo mpaka fildi inaisha. Ofisi ndogo asubuhi unachora, saa sita bosi anakwambia panda daladala nenda Njiro kaangalie kama wameshafunga ringi za lenta, ule mkanda wa zege juu ya madirisha, ukirudi pitia hadiwea uulize nondo ya milimita 12 leo inauzwaje. Mimi fildi yangu ya kwanza ilikua ofisi ya chumba kimoja juu ya duka, na kazi ya kwanza niliyopewa ni kushika ncha ya tepu. Tulikua tunapima majengo ya zamani maeneo ya Kaloleni ambayo wenyewe walitaka kuyakarabati na ramani hazikuwepo, unapima ukuta, unapima dirisha, unachora kwa mkono, unarudi ofisini unaiingiza kwenye ArchiCAD, programu ya kuchorea, alafu unagundua chumba hakifungi kwasababu nyumba yenyewe haina kona ya digrii 90 hata moja. Ile kazi wengi wanaidharau lakini ndio iliyonifundisha jengo linakaaje, na mpaka leo nikiingia chumba nakijua ukubwa kwa macho.

Baadae nikapelekwa saiti. Fomeni wetu alikua mzee mmoja wa Machame, mtu wa maneno machache sana, lakini kila ukimpa mchoro anakuuliza swali la vifaa. Umechora dirisha mita 1 na sentimita 37, kwanini isiwe mita moja na nusu ambayo mchomeleaji ameizoea? Nondo inakuja mita 12, wewe mkanda wako unakula mita 6 na sentimita 40, ile mita 5 na kitu inayobaki unaipeleka wapi? Bloku la inchi 18 kwa 9 ukilisimamisha unatumia kama 9 mpaka 10 kwa mita moja ya mraba ukiweka na ya kuvunjika, je, umeshahesabu huo ukuta wako una bloku ngapi na huyu mama ana hela ya bloku ngapi mwezi huu? Haya maswali shuleni hatukuyapata kwa namna hiyo, na ndio yamenifanya niwe na msimamo nilionao: mtu anayetaka kuchorea jamii bila kujua makadirio ya vifaa na gharama anawapa watu picha, hawapi jengo.

Nakwambia hivyo kwasababu watu wetu hawajengi kwa mkupuo. Mtu binafsi anajenga kidogo kidogo, na jamii ndio kabisa. Wananchi wanachanga, wanafanya msaragambo wa kuchimba msingi na kubeba mawe, wanapandisha kuta mpaka lenta, alafu boma linakaa linasubiri mtu wa kulipaua. Ukizunguka Arusha DC au Hai au Same utayakuta. Na huku mlimani kujenga pamoja sio kitu kipya, ile mifongo ya Wachaga inayoleta maji vihambani imechimbwa na kutunzwa kwa nguvu za watu wenyewe kwa vizazi, kila mwenye zamu ya maji anajua wajibu wake siku ya kusafisha banio. Kwahiyo nguvu ipo. Kinachokosekana ni mchoro unaokubali kusimama katikati. Yaani unachora jengo ambalo hatua ya kwanza ikiisha na hela ikaisha, kile kilichopo kinatumika tayari na mvua haikiharibu, alafu hatua ya pili inakuja kuungana bila kubomoa. Hicho ndio kipaji cha mbunifu wa jamii kwa nchi yetu na hutakiona kwenye renda (picha ya 3D) yoyote hata iwe na jua zuri namna gani.

Angalia pia serikali inavyojenga. Ile hela ya UVIKO ya 2021, trilioni 1.3, sehemu yake ilijenga madarasa 15,000 na kila darasa lilipangiwa milioni 20, mafundi wa mtaani, kamati za shule zinasimamia manunuzi. Utasema sasa mbunifu kazi yake iko wapi kama ramani inakuja imeshachorwa? Ipo tena kubwa. Ramani haijui mteremko wa kiwanja chenu. Huku tuko nyuzi 3 na kitu kusini mwa ikweta, jua la asubuhi na la jioni ndio linaloingia ndani likaumiza watoto macho, kwahiyo upande mrefu wa darasa wenye madirisha unatakiwa utazame kaskazini na kusini, na bado utakuta shule darasa limewekwa kinyume eti lifuate barabara. Moshi mjini ni joto, Arusha mwezi wa saba ni baridi ya kuvaa koti, hauwezi ukafungua madirisha sawasawa sehemu zote mbili. Alafu maji, milimita 1 ya mvua ikishuka kwenye mita 1 ya mraba ya bati ni lita 1, sasa paa la mita 10 kwa 20 likipigwa na mvua ya milimita 10 ni lita 2,000 zinamwagika chini zinachimba msingi, wakati gata na simtanki zingewekwa mapema watoto wasingebeba ndoo kutoka nyumbani. Haya yote unayafanya bila kugusa ramani ya watu, unahitaji tu kufika kiwanjani kabla hawajachimba.

Sasa nikupe mfano mmoja niliokuwepo mwenyewe, maana huu ndio ulionifungua macho. Shule ya msingi moja upande wa chini wa Moshi, walitaka vyoo vya wasichana na jiko. Wasichana walikua kama 300, mwongozo unasema tundu 1 kwa wasichana 20, kwahiyo ni matundu 15, na hela iliyopo ilikua ya matundu 6. Ofisi ilichora, tukaenda kwenye kikao cha wazazi na karatasi ya A3 tukaibandika ukutani. Aisee palikua kimya. Mwenyekiti wa mtaa akasema ni nzuri, mwalimu mkuu akasema ni nzuri, wengine wote wakatikisa vichwa. Mtu asiyesoma ramani kila siku ukimwekea mistari ukutani atakwambia ni nzuri kwa heshima tu.

Yule fomeni akatoka nje, akaomba kamba na ndoo ya majivu jikoni, akaanza kuimwaga ile ramani chini kwa saizi yake halisi. Huu ukuta, huu mlango, hapa unaingilia, hapa shimo. Hapo ndio kikao kikaanza. Mpishi wa shule akaja akasimama pale tulipochora jiko, akageuka akaangalia madarasa, akasema mchana upepo unatokea huku, moshi wote utaingia kwa darasa la tatu. Hakuna mtu ofisini alikua anajua upepo wa pale, yeye anapika pale kila siku. Mama mwingine akatembea na mzigo wa kuni wa kufikirika kichwani akaonyesha mlango hautoshi kupita nao. Alafu wasichana wa darasa la saba, hawa walikua wananong'ona pembeni mpaka mwalimu wa kike akaenda kuwasikiliza, wakasema mlango wa choo unaangalia uwanja wa mpira, kila anayeingia anaonekana na wavulana, na wao siku zile za mwezi bora wasije shule kuliko kupita pale. Tukageuza uso wa jengo ukatazama uzio, tukaongeza ukuta wa stara mbele, na tundu moja tukalifanya chumba cha kubadilishia chenye bomba na ndoano ya kutundikia nguo. Ndoano waliitaja wenyewe! Kwenye mchoro wetu haikuwepo, ni kitu cha hela ndogo kabisa.

Na hela ya matundu 6? Tulipanga safu nzima ya 15 kwa majivu chini, wakaona mwisho wake unafika wapi, wakakubaliana kisijengwe kitu kingine pale. Wakajenga 6 kamili na paa lake na milango yake, sio 15 ya kuishia lenta. Ukuta wa mwisho ukaachwa na meno ya kuunganishia bloku za awamu inayofuata. Wazazi wakaondoka na karatasi moja imeandikwa mifuko ya saruji, bloku, bati na mbao kwa kila awamu, na ile karatasi ndio iliyobandikwa ofisi ya mwalimu mkuu, ramani ikabaki kwenye faili.

Kuhusu kama ni kazi ya kulipa, inalipa lakini inalipa taratibu. Wateja wako watakua makanisa na misikiti, shule, vikundi vya akina mama, SACCOS, mashirika, wakati mwingine halmashauri. Wanalipa kwa awamu kama wanavyojenga. Usichore bure, hata kama unawapenda, andika makubaliano na uweke punguzo lionekane kwenye karatasi, maana kitu cha bure kinabadilishwa kila wiki na hakuna anayekiheshimu. Na kumbuka wewe bado mwanafunzi, mchoro wa jengo la umma unatakiwa upite kwa mbunifu aliyesajiliwa na AQRB, bodi ya usajili wa wabunifu majengo na wakadiriaji majenzi, na uwe na mhuri wake, sheria ya 2010 iko wazi, kwahiyo kila unachofanya mtaani kifanye chini ya ofisi. Ukiona mtu anakwambia chora tu mhuri tutautafuta, kimbia.

Na usiogope wanaosema hii sio usanifu wa kweli. Soko la Kariakoo limechorwa na Mtanzania, Beda Amuli, miaka ya 70, na ni jengo la wauza nyanya na wabeba mizigo. Francis Kéré wa Burkina Faso alimaliza shule ya kijijini kwao Gando mwaka 2001 akiwa bado mwanafunzi Ujerumani, tofali za udongo, bati limenyanyuliwa juu ya dari hewa moto itoke, wanakijiji wenyewe ndio wamejenga, na 2022 akawa Mwafrika wa kwanza kupewa tuzo ya Pritzker, ile kubwa kabisa ya usanifu majengo duniani. Hapa hapa Moshi kuna nyumba ya hifadhi ya KWIECO, shirika la wanawake la Kilimanjaro, kwa akina mama waliokimbia ukatili, ilikamilika 2015, wabunifu ni Hollmén Reuter Sandman wa Ufini. Hiyo tafuta picha zake mtandaoni uzisome vizuri ila usiende kuzurura pale, ni mahali pa watu kujificha.

Potifolio: toa nusu ya picha za 3D. Weka jengo moja ulilolipima mwenyewe kwa tepu, hata kama ni duka la mangi mtaani kwenu au choo cha shule uliyosoma. Weka mchoro wake, weka picha za watu wanavyolitumia asubuhi na jioni, weka unachopendekeza kwa awamu mbili, na jedwali la vifaa lenye bei ulizouliza mwenyewe hadiwea na tarehe uliyouliza. Mimi nikiletewa hiyo na mwanafunzi naisoma mpaka mwisho, kwasababu inaniambia huyu naweza kumtuma saiti kesho.

La mwisho ni barua. Fildi nyingi zinaangukia Julai mpaka Septemba, kiangazi, saiti zote zinakua zimechangamka na ofisi ndogo hazina muda wa kujibu imeili. Ukija likizo fupi peleka barua kwa mkono, vaa vizuri, omba dakika tano na mbunifu mwenyewe, muonyeshe hilo jengo ulilolipima. Muulize wazi kama atakuruhusu kukaa saiti angalau nusu ya muda na kama kuna nauli, na hata kama bodi ya mkopo inakupa hela ya fildi we uliza tu. Kofia ngumu na buti nunua vyako, usisubiri vya ofisi. Ukikwama kabisa Arusha nitumie ujumbe pembeni nikuelekeze ofisi za Moshi zinazopokea wanafunzi, ila njoo na tepu.